Mbwa Mkali Haji Kwenye Chanjo

Nilifika Mlali, wilayani Kongwa, kuandika habari fupi ya siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kilichonishika ni kamba.

Walioleta mbwa wengi wao walikuwa watoto, na kila mmoja alikuja na alichokipata nyumbani: kamba ya katani iliyofungia gunia la alizeti, ukanda wa kanga iliyochakaa, mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, waya wa umeme uliochunwa. Binti mmoja alimshika mbwa wake kwa mshipi wa sare ya shule. Bwana mifugo, aliyesomea Mpwapwa na kuzeekea kazini, hakumtazama mbwa kwanza. Alianza na fundo.

Fundo likiteleza, alilifungua. Kitanzi kinachobana kila kikivutwa humkaba mbwa, na mbwa anayekabwa hung'ata hata mkono uliomlea. Alifunga upya, fundo lisilokwenda mbele wala nyuma, kisha akapitisha vidole viwili kati ya kamba na shingo. Vikipita, mbwa anapumua. Vikipwaya sana, kichwa kitachomoka. Baada ya hapo akachukua kitambaa kirefu, akapiga kitanzi juu ya pua, akavusha ncha mbili chini ya taya na kuzifunga kisogoni, nyuma ya masikio. "Mwanangu, mshike kichwa, mwite jina lake," alimwambia binti yule. Binti akaita Simba, Simba, na Simba akatulia. Sindano ikaingia chini ya ngozi ya shingo, mililita moja tu, kamba ikarudi mkononi mwa mwenyewe.

"Hawa siwaogopi," alisema akiifuta mikono. "Ninaowaogopa hawajaja."

Alikuwa akiwasema mbwa wakubwa, chotara wa German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, wanaonunuliwa wangali wadogo na kufungwa nyuma ya mageti ya bati yenye maandishi ya rangi nyekundu: MBWA MKALI. Mwenye mbuzi anamtaka kwa ajili ya fisi, mwenye duka kwa ajili ya wezi. Akishakua, nyumba nzima haina wa kumshika, na siku ya chanjo anabaki kwenye mnyororo. Kwa hiyo mbwa ambaye meno yake yangeumiza kuliko ya wote ndiye asiyechanjwa.

Bwana mifugo hakubali kwamba ukali huo ni wa kuzaliwa. Nguvu, ndiyo: taya pana, kifua kizito, kilo 50 na zaidi kwa Boerboel. Lakini mtoto wa mbwa hujifunza watu kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na wiki hizo ndizo wenye mbwa wengi humfunga peke yake ili asizoeane na mtu. Wapo wanaomlisha pilipili. "Pilipili inamchoma tumbo tu," alisema. "Kinachomharibu ni mnyororo mchana kutwa, na watoto wanaomrushia mawe juu ya uzio. Huyo siku akitoka, hachagui mwizi."

Yanayofuata baada ya kung'atwa wengi tunayajua. Tanzania inakadiriwa kupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha mtu akimbizwe kituo cha afya kwa sindano zinazorudiwa kwa tarehe. Kwa kaya ya mkulima, sindano na nauli zinaweza kumaanisha kuuza mbuzi, wakati mwenye mbwa amefunga geti lake.

Wenzetu wamejaribu kutunga sheria kwa kufuata aina ya mbwa. Uingereza ilipiga marufuku aina nne mwaka 1991, ikaongeza ya tano, XL Bully, ambaye tangu Februari 2024 hafugwi bila cheti maalumu. Uholanzi iliwahi kupiga marufuku pit bull, ikaachana na njia hiyo baada ya kuona watu wanaendelea kung'atwa. Kongwa, ambako mbwa hana karatasi ya ukoo na baba yake hajulikani, nani ataamua huyu ni wa aina gani?

Sheria zetu zinamtazama zaidi mwenye mbwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayehatarisha maisha ya wengine kwa kuzembea kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mbwa dhidi ya mateso. Na katika sheria ya madai tuliyoirithi kwa Waingereza, swali la zamani ni kama mwenye mbwa alijua kuwa mnyama wake ana tabia ya kushambulia. Bango la MBWA MKALI tunaliweka tukidhani linatukinga. Mbele ya hakimu linaweza kusomwa kama ungamo: nilijua.

Kipimo cha bwana mifugo ni chepesi. Kila mwenye mbwa mkubwa amlete kwenye kituo cha chanjo mara moja kwa mwaka, amemfunga mdomo, amemshika mwenyewe. Asiyeweza kumleta hana uwezo wa kumfuga. Naungana naye. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na hii haihitaji mtaalamu wa ukoo wa mbwa. Inahitaji kamba nzuri, daftari na mtu wa kufuatilia.

Nilimuuliza itakuwaje kwa mbwa ambao tayari wameharibika, waliokaa miaka kwenye mnyororo. Alisema wengine hurudi wakishikwa kwa subira, wengine hawarudi, na hao hajui awafanyeje. Lipo na swali la pili. Tajiri anaishi mjini Dodoma, mbwa yuko shambani Mlali, na kila usiku anayemfungulia ni mlinzi wa mshahara mdogo ambaye hakumnunua wala hakumzoesha. Mbwa huyo akimrarua mtoto wa jirani, polisi watamkamata nani?