Ukienda Loiyangalani, jiandae kuulizwa ngoma yenu

Zile picha unazijua. Shanga zimepanda hadi kidevuni, morani yuko hewani anaruka, na nyuma yake ziwa la rangi ya majani. Umezipenda, ukawatumia mabeshte, ukaandika "lazima niende." Nyingi zinatoka kwenye Tamasha la Utamaduni la Marsabit na Ziwa Turkana, ambalo hufanyika Loiyangalani, ufuo wa mashariki wa ziwa hilo. Mimi nimeenda na nikarudi. Niliyorudi nayo hayako kwenye picha hata moja.

Tuanze na barabara. Kutoka Nairobi kupitia Isiolo hadi Laisamis ni lami, utalala usingizi wako vizuri. Laisamis unaiacha lami, unakata kushoto, na kuanzia hapo gari ndilo linaamua utakaa vipi. Sisi tulikuwa kumi na wawili nyuma ya lori, juu ya magunia ya unga na kreti za soda. Kabla hujafika utaona mapanga makubwa meupe yakizunguka angani. Hiyo ni mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na pengine ndio umechaji hiyo simu unayosomea. Mama mmoja aliyekuwa amekalia gunia akaniuliza kama huko kwetu Nairobi stima hupotea. Nikamwambia hupotea sana. Alicheka hadi akashikilia kamba ya lori.

Usidanganywe na uzuri wa ziwa. Maji yake yana magadi, na jua la mchana halina huruma. Usiku ndio noma zaidi, kwa sababu upepo unaporomoka kutoka Mlima Kulal kama umetumwa kukutafuta wewe. Hema letu halikuona saa sita. Tulimalizia usiku chini ya nyota, mifuko tumeifanya mito, mchanga kwenye meno.

Jirani wa hatua kumi

Jambo la kwanza lililonishika ni ujenzi. Jamii 14 za Marsabit hukutana pale, na kila moja hujenga nyumba za kwao. Wajenzi wengi ni akina mama. Nyumba ya Warendille imeundwa kwa fito zilizopindwa, na ukitaka kuhama unaifungua na kumpakia ngamia. Ya El Molo imefunikwa makuti ya mkoma na majani, iko mviringo na fupi, kiasi kwamba upepo unapita juu bila kupata pa kushika. Ndipo nilipoelewa kwa nini hema letu la dukani lilishindwa.

Ukitoka kwenye nyumba moja, hatua kumi uko kwa jamii nyingine. Usizichukulie poa hizo hatua. Julai 2005, kule Turbi, kaunti hii hii, makumi ya watu waliuawa kwenye shambulizi la asubuhi, wakiwemo watoto wa shule. Ugomvi ulikuwa kati ya Waborana na Wagabra, jamii zinazozungumza lugha moja. Tamasha lilipoanzishwa mwaka wa 2008, amani ilikuwa sababu kubwa: watu wanaopigania malisho, maji na mifugo wapate pahali pa kukutana bila bunduki.

Ukisikia hivyo kwenye hotuba, utapiga makofi na kusahau. Mimi nililiona saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wageni kuamka. Nyanya mmoja wa Kigabra alitoka na kikombe kitupu, akavuka hadi kwa Waborana, akapiga hodi. Aliporudi kikombe kilikuwa na sukari. Hakuna aliyepiga picha. Nilikuwa na simu mkononi, nikairudisha mfukoni, nikaona wacha hii iwe yao.

Lugha iliyozama

Jambo la pili nilielezwa na mzee wa El Molo, mvuvi, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta. El Molo ni mojawapo ya jamii ndogo zaidi Kenya. Lugha ya mababu zao imetoweka, na leo wanazungumza Kisamburu. Miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda, likakizingira kijiji chao cha Komote hadi watu wakawa wanavuka kwa mashua kufika nchi kavu.

Nikamuuliza, mzee, lugha hupoteaje? Hakukasirika. Akasema haikuwa siku moja. "Mnaoana na majirani, watoto wanacheza na wa majirani, mnaona ni rahisi kuzungumza kama wao. Halafu siku moja mzee anakufa, na hakuna wa kumjibu." Kisha akaniangalia. "Na wewe kijana, kwenu mnazungumza nini?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho ninacho. Nimezaliwa Kayole. Baba ana lugha yake, mama ana yake, na nyumbani tulikutana katikati. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikiliza jirani wa zamani.

"Haya, ya Kayole basi"

Usiku wa mwisho ngoma zilishuka kutoka jukwaani zikaingia mchangani. Waturkana wanaruka, shanga za akina dada zinapiga mdundo zenyewe, vumbi limefika kiunoni. Nilikuwa pembeni nikirekodi. Morani wa Kisamburu, rika langu kabisa, akaja akasimama mbele ya kamera. "Umetuangalia siku tatu. Ngoma yenu iko wapi?"

Nikasema mimi ni wa Kayole. Wakacheka. "Haya, ya Kayole basi!"

Kabla sijafungua mdomo, jamaa alichomoa simu kutoka kwenye mkanda wa shanga na kuweka gengetone. Tena ngoma safi, na maneno aliyajua kuliko mimi. Nilicheza, msee. Nilicheza na morani, na Waturkana wawili, na dada wa Kirendille aliyekuwa akinisahihisha mabega. Nilikuwa nimekuja kuwaona watu wa zamani, na huyu wa zamani alikuwa na playlist mpya kuliko yangu. Yeye anazo ngoma mbili, yake na yangu. Mimi nilikuwa na moja.

Ukiamua kwenda

Tarehe huhama, kwa hivyo ulizia Kaunti ya Marsabit mapema. Beba pesa taslimu, maji mengi, kofia, na kitambaa cha kujifunga uso. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukiambiwa la, ni la. Nunua shanga kwa aliyezitunga mwenyewe. Pitia pia Jumba la Makumbusho la Jangwa hapo hapo Loiyangalani, ukae kidogo.

Na kabla hujapanda gari, mpigie nyanya yako simu. Mwombe wimbo mmoja tu, wowote, wa harusi au wa kubembeleza mtoto. Wangu yuko kijijini na mtandao wake ni wa kubahatisha, lakini tunafundishana kila Jumapili jioni. Tumefika ubeti wa pili.