Sura ya Nne: Macho Yasiyoonekana

Anayeanza kupiga picha huonywa mapema: usimpige mtu saa sita mchana. Jua likiwa la utosi, paji la uso na ncha ya pua hung'aa, na macho huzama kwenye mashimo meusi. Ushauri huo ni mzuri. Lakini Gordon Willis, mpiga picha wa filamu ya The Godfather iliyotoka mwaka 1972, aliupindua kwa makusudi, tena ndani ya nyumba.

Marlon Brando, aliyeigiza mkuu wa mafia Don Corleone, alikuwa kwenye miaka ya arobaini na alitakiwa aonekane mzee. Vipodozi vilimjaza taya na kumkunja ngozi, na Willis akaona kuwa taa zikitoka juu, uso ule utakubalika. Akazitundika juu ya kichwa cha Brando, akazifunika ili mwanga upoe, na akaacha macho ya Don Corleone yapotelee kivulini. Hollywood ya wakati huo ilikuwa na desturi ya kuweka taa ndogo karibu na kamera ili jicho la mwigizaji lipate kinukta cha mng'ao. Kumnyima nyota macho yake kulionekana karibu na uhuni, na watu wa studio walinung'unika kwamba picha ni nyeusi mno.

Kwa nini ilifanya kazi? Kwa sababu nia ya mtu huwa tunaitafuta machoni kwanza. Mzika wafu Bonasera anaingia ofisini kuomba kisasi kwa ajili ya binti yake, na sisi tunaketi upande wake: tunamwomba mtu ambaye hatujui anawaza nini. Hakuna muziki wa kutisha wala mtu aliyepaza sauti. Mashaka yote yametoka kwenye mahali ilipotundikwa taa.

Lakini kivuli peke yake kisingetosha. Wakati huohuo nje ya dirisha kuna harusi, na huko Willis aliuachia mwanga umwagike hadi rangi zikapauka kama picha za zamani za familia. Francis Ford Coppola, mwongozaji, anaturusha ndani na nje, ndani na nje. Kila tunaporudi ofisini, giza linakuwa zito kuliko tulivyoliacha. Hisia huzaliwa kwenye tofauti. Siku hizi wapo waongozaji wanaoamini kuwa huzuni ni rangi ya buluu inayopakwa kwenye kompyuta baada ya kazi. Wanaipaka filamu nzima, na kufikia dakika ya ishirini jicho la mtazamaji limeshaizoea, halisikii tena kitu.

Kuna jambo la pili ndani ya mwanga wa Willis: ulikuwa laini. Ulaini hauhusiani na nguvu ya taa. Unategemea ukubwa wa chanzo kinavyoonekana kutoka pale mtu alipo. Jua ni kubwa ajabu, lakini liko mbali mno hata kwetu ni kidoa tu angani, ndiyo maana kivuli chake kina ukingo kama uliokatwa kwa wembe. Wingu likipita, mbingu yote inageuka taa, na ukingo ule unayeyuka. Balbu iliyo uchi ukiifunika kwa shuka jeupe lililotandazwa, umefanya kazi ya wingu. Don Corleone angepigwa na mwanga mkali kutoka juu, angeonekana zimwi. Mwanga laini ulimwacha abaki baba wa watu.

Sasa mpangilio wa watu na vitu ndani ya fremu. Vitabu vingi huutenga na mwanga, sura hii kwa ule, sura ile kwa huu. Naona ni kosa, na filamu mbili zinanisaidia kueleza sababu.

Ya kwanza ni Citizen Kane ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Orson Welles na kupigwa na Gregg Toland. Mtoto Charles Kane anacheza kwenye theluji. Kamera inarudi nyuma kupitia dirishani, inaingia sebuleni, inazidi kurudi hadi mezani, ambako mama yake anatia saini karatasi za kumkabidhi kwa mlezi wa benki. Baba amesimama katikati ya chumba akipinga bila kusikilizwa. Mtoto yuko mbali kabisa, mdogo ndani ya fremu ya dirisha, bado anacheza. Wote wanaonekana wazi kwa pamoja: anayeamua, anayeshindwa kuzuia, na anayeamuliwa asiyejua.

Ili walio karibu na walio mbali wawe kwenye fokasi pamoja, tundu la lenzi lazima lifinywe. Likifinywa, mwanga unaoingia ni kidogo, kwa hiyo Toland alihitaji taa kali mno na filamu yenye wepesi wa kunasa mwanga. Mpangilio ule umenunuliwa kwa taa. Welles alijua deni lake, akaliweka jina la Toland kwenye kadi moja na lake mwishoni mwa filamu.

Filamu hiyohiyo inavunja kanuni ambayo wanafunzi huikariri, kwamba kamera ikimtazama mtu kutoka chini humpa ukubwa. Baada ya Kane kushindwa uchaguzi, walitoboa sakafu wakaishusha kamera humo. Kane anaonekana mrefu kweli, lakini na dari nayo inaonekana, imemshukia kichwani. Ni mtu mkubwa aliyebanwa.

Ya pili ni Barry Lyndon ya mwaka 1975. Stanley Kubrick alitaka baadhi ya vyumba vya karne ya 18 viangazwe kwa mishumaa tu. Yeye na mpiga picha wake John Alcott wakatumia lenzi za Zeiss zenye tundu pana la f/0.7, zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Tundu likiwa pana hivyo, fokasi inakuwa nyembamba sana: mwigizaji akiegemea mbele kidogo, uso unapotea. Basi watu wanakaa kama wamechorwa. Ubaridi wa tabaka lao la juu, uungwana wake uliokakamaa, sehemu yake imetokana na uhaba wa mwanga. Alcott alipata Oscar.

Kwetu sisi ngozi nyeusi huongeza swali jingine. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kikichanganywa ni kijivu. Msimamishe bwana harusi mwenye kanzu mbele ya ukuta mweupe, kamera itaupunguza mwanga ili ule weupe uwe kijivu, na uso wake utageuka kivuli cha mtu. Wengi hukimbilia flashi, nayo huacha kipaji kinachometa kwa jasho. Afadhali kubadilisha kilicho nyuma yake, kisha kumgeuza hadi mwanga mpana wa mlangoni au barazani uteleze shavuni kutoka pembeni. Ngozi nyeusi hujieleza zaidi kwa mng'ao wake.

Seydou Keïta alilifahamu hilo huko Bamako, Mali, alikofungua studio mwaka 1948. Alipiga mara nyingi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya wateja akitundika vitambaa vya maua, mojawapo kikiwa shuka la kitanda chake. Aliwapindisha kidogo mabega, akawakalisha kimshazari. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu, na yote haya ilibidi yaamuliwe kabla kidole hakijagusa kitufe.