Mgonjwa Aliyesema Mwenyewe

Walimu wengi wakijua kitabu cha mchezo kiitwacho Kilio Chetu, kilichopigwa chapa mwaka 1995. Humo kijana Joti ameshikwa na UKIMWI, naye Suzi ana mimba. Wazazi walikuwa wameona haya kusema nao mapema. Siku zile dawa za kupunguza makali hazijawafikia watu wa kawaida.

Sisi tukeshao kwa wagonjwa hapa Mpwapwa twaijua haya hiyo. Jamaa hujaa chumbani, kila mmoja asema, "Utapona," hali mgonjwa ajua kwamba anakwenda. Mzee mmoja alitutoa sote nje, akamwita mkewe, akamweleza mbuzi wepi ni wa nani na deni lipi halijalipwa. Siku ya tatu alifariki. Ndugu zake wangali wakisema alijiitia mauti, mjane hawajibu.