Waliokimbia Mbele Peke Yao

Mbio kubwa kuliko zote ambazo mwana wa Afrika Mashariki amewahi kukimbia zilichukua dakika tatu na nusu tu. Zilikuwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, na mshindi wake alikuwa Filbert Bayi, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, Tanzania. Najua zipo za kasi zaidi. Najua Wakenya na Waganda wana dhahabu za Olimpiki ambazo Bayi hakuzipata. Lakini saa ikiwa ndiyo kipimo pekee, basi kila shujaa wa zamani ni mdogo kuliko kijana wa jana. Mimi napima kwa ujasiri: mkimbiaji alithubutu nini, mbele ya nani, na angepoteza nini kama angeshindwa.

Enzi hizo mita 1,500 ilikuwa na busara yake iliyokubalika kote. Mwenye akili hujificha nyuma ya wenzake, huwaacha wamkatie upepo, kisha huchomoka zikiwa zimebaki mita mia mbili. Bayi aliikataa busara hiyo mchana kweupe. Bastola ilipolia alikwenda mbele, na mbele akabaki. Alipita mita 800 chini ya dakika 1:53, akiwa ameacha pengo ambalo mtu mzima mwenye saa mkononi angeliita wazimu. Nyuma yake hawakuwa wanafunzi. Alikuwepo John Walker, mwenyeji, akishangiliwa na uwanja mzima. Alikuwepo Ben Jipcho wa Kenya, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika michezo hiyohiyo. Wote walisubiri achoke.

Katika mita mia za mwisho Walker alianza kumla mita moja baada ya nyingine. Bayi akapata nguvu nyingine, akamaliza kwa dakika 3:32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3:33.1, iliyodumu tangu 1967, ilikuwa imeanguka. Walker alifika wa pili kwa 3:32.52, maana yake naye alikuwa ameivunja rekodi ileile, na bado hakuwa na chochote cha kuonyesha ila medali ya fedha. Jipcho alipata shaba kwa 3:33.16. Watu hawa wote walikimbia kiasi kile kwa sababu mmoja wao aliwalazimisha.

Sebastian Coe wa Uingereza aliivunja rekodi hiyo ya dunia mwaka 1979. Rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola haikuvunjika. Walikuja wakimbiaji wenye muda bora kuliko wa Bayi, wenye viatu bora na matayarisho bora, na kila baada ya miaka minne walirudi nyumbani wakiiacha palepale. Ilidumu miaka 48, hadi Birmingham mwaka 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia dakika 3:30.12.

Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja pia rekodi ya maili moja kwa dakika 3:51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaichukua kwa 3:49.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Dunia ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976, wawili hao wakutane. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe, na ombi hilo lilipokataliwa zikasusia michezo. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3:39.17, muda ambao miaka miwili kabla yake usingemfikisha popote. Kususia kule kulikuwa haki, na ningekuunga mkono hata leo. Ila tuseme wazi ni nani aliyelipa: walilipa vijana wa miaka ishirini na kitu, ambao miguu yao haikusubiri siasa ziishe.

Moscow mwaka 1980 Bayi alikuwa amehamia kwenye viunzi na maji. Akakimbia vilevile, mbele kabisa, peke yake, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomkuta katika mzunguko wa mwisho na kumpita. Fedha. Mtanzania mwenzake, Suleiman Nyambui, naye alipata fedha ya mita 5,000 katika michezo hiyo, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

Siku yenye mambo mengi kuliko zote

Oktoba 20, 1968, Olimpiki ya Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa na mawe kwenye nyongo. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameanguka kwa maumivu katikati ya mita 10,000, kisha akapata fedha ya mita 5,000, na madaktari walikuwa wamemkataza kukimbia tena. Siku ya fainali ya mita 1,500 gari lake lilikwama kwenye foleni. Akashuka, akakimbia kwenda uwanjani.

Jim Ryun hakuwa ameshindwa mbio za umbali ule kwa zaidi ya miaka mitatu. Wakenya walijua kwamba kumsubiri ni kujiua, kwa kuwa hakuna aliyeweza kushindana na mchomoko wake wa mwisho. Kwa hiyo kijana mmoja alijitoa: alikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, kasi ya kichaa katika hewa ile nyepesi, akijua hatapata medali yoyote. Kijana huyo alikuwa Ben Jipcho, yuleyule wa Christchurch. Keino akaipokea kasi hiyo na kuendelea nayo, akashinda kwa dakika 3:34.91, karibu sekunde tatu mbele ya Ryun. Pengo kubwa kama hilo halijaonekana tena katika fainali ya mita 1,500 ya wanaume ya Olimpiki.

Jioni ya siku hiyohiyo, Mamo Wolde wa Ethiopia akiwa ameshatwaa dhahabu ya marathoni zaidi ya saa moja kabla, watu wachache waliobaki uwanjani walimwona mtu mmoja akiingia akichechemea, goti limefungwa bandeji. John Stephen Akhwari wa Tanzania alikuwa ameanguka njiani wakimbiaji walipobanana, akaumia goti na bega. Alimaliza kwa saa 3:25:27, nafasi ya 57, ya mwisho. Wenzake zaidi ya kumi na tano walikuwa wameacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima, na ni haki yake. Kinachoniumiza ni kwamba wengi wanamkumbuka Akhwari kama mtu wa kuhurumiwa. Hakuwa hivyo. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, kwa zaidi kidogo ya saa mbili na robo. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu aliyepatwa na ajali, na aliingia uwanjani akijua vizuri angeweza kufanya nini kama goti lingekuwa zima.

Njia mbaya kuliko zote

Munich, Septemba 2, 1972. Katika mita 400 kuruka viunzi, njia ya kwanza ni adhabu. Kona zake ni kali, mkimbiaji hulazimika kuuvuta mwili wake ndani huku akipima hatua za kufikia kila kiunzi. John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alipangiwa njia hiyo. David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, alitoka kwa kasi ya kutisha. Akii-Bua alimkamata kwenye kona ya mwisho na kumaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48. Dhahabu ya kwanza ya Uganda katika historia ya Olimpiki ilipatikana kwenye njia ambayo kocha yeyote angeomba abadilishiwe. Furaha ilimzidi, akaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Siku tatu baadaye wanamichezo wa Israel walishambuliwa katika kijiji cha wachezaji, na dunia haikuzungumzia tena mbio. Nyumbani utawala wa Idi Amin uliwaua watu wengi wa kabila la Akii-Bua, Walango. Kususia kwa 1976 kukamnyima nafasi ya kutetea taji. Alifariki mwaka 1997. Kama kuna mwanamichezo wa kanda hii anayestahili kufundishwa katika kila shule ya msingi, ni huyu.

Siku 81

Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kati ya Aprili 8 na Juni 27, 1978. Mita 5,000 kwa dakika 13:08.4 mjini Berkeley. Viunzi na maji kwa 8:05.4 mjini Seattle. Mita 10,000 kwa 27:22.5 mjini Vienna, akimpunguzia Mkenya mwenzake Samson Kimobwa sekunde nane nzima. Mita 3,000 kwa 7:32.1 mjini Oslo. Soma tena orodha hiyo taratibu. Hakuna mwaka mwingine wa mwanariadha mmoja wa mbio za kati na ndefu ambao naweza kuuweka juu ya huu. Rono hakukimbia Olimpiki hata moja, kwani Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980 pia. Ulevi ulimharibia miaka mingi iliyofuata, jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema hadharani bila kujificha. Alifariki Februari 2024.

Fainali iliyomvuta kila mtu

Daniel Rudisha wa Kenya alipata fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne huko Mexico 1968. Mwanawe David alipofika London mwaka 2012 alikuwa tayari ana rekodi ya dunia ya mita 800, na hakukuwa na sababu ya kujihatarisha. Fainali ya Olimpiki haina mtu wa kumwekea mwenzake kasi. Mabingwa huenda polepole na kusubiri. Agosti 9, Rudisha alitoka mbele tangu mwanzo, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa dakika 1:40.91. Rekodi ya dunia. Kijana wa Botswana, Nijel Amos, akapata fedha kwa 1:41.73. Na ukitaka kujua mbio zile zilikuwa nini, mtazame wa nane: Andrew Osagie wa Uingereza alifika wa mwisho kwa 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Sydney, Athens na Beijing. Ni dawa ileile ya Bayi, na Rudisha aliinywa katika fainali ya Olimpiki. Naziweka mbio hizi za London nafasi ya pili, baada ya Christchurch.

Wapo watakaosema Faith Kipyegon wa Kenya anazipita zote mbili, na sitabishana nao kwa nguvu. Baada ya kumzaa binti yake mwaka 2018 alirudi akiwa bora kuliko alivyoondoka. Mwaka 2023, ndani ya siku 50, alivunja rekodi ya mita 1,500 mjini Florence, ya mita 5,000 mjini Paris, na ya maili moja mjini Monaco kwa dakika 4:07.64, pale Monaco washindani wake walimzunguka wakimkumbatia kana kwamba wameshinda wao. Dhahabu za Rio, Tokyo na Paris zilimfanya mtu wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kushinda mita 1,500 ya Olimpiki mara tatu mfululizo. Julai 5, 2025, mjini Eugene, alishuka hadi 3:48.68. Siku hiyo, uwanja huohuo, Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14.

Ushindi mwembamba kuliko wote

Mwanajeshi Juma Ikangaa wa Tanzania alikuwa wa Bayi kwa tabia, akienda mbele na kuwaambia wengine wafuate kama wanaweza. Katika marathoni ya Boston mwaka 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, baada ya kilomita 42. Akawa wa pili tena 1989, na tena 1990. New York mwaka 1989 ndiyo iliyomtendea haki: alishinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia hiyo.

Alphonce Simbu, mwanajeshi mwingine, hakimbii hivyo. Husubiri. Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, katika marathoni ya Mashindano ya Dunia, alisubiri hadi ndani ya uwanja, akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ya mstari wa kumalizia ilionyesha tofauti ya sekunde 0.03, na Simbu ndiye aliyekuwa mbele. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu Mashindano ya Dunia ya riadha yaanze mwaka 1983 mjini Helsinki.

Dhahabu ya Olimpiki Tanzania bado haijaipata. Medali zake ni zile mbili za fedha za Moscow, za Bayi na Nyambui, na michezo ijayo ya majira ya joto ni Los Angeles, 2028.