Kizimba cha Sungura cha Kujitengenezea Katika Thika na Ruiru

Katika sehemu za Thika na Ruiru, mashamba mengi ambayo zamani yalikuwa ya kahawa yamekwisha kugawanywa kuwa viwanja, na kiwanja cha kawaida ni futi 50 kwa 100, yaani kadiri ya thumuni ya ekari. Mahali kama hapo, nyumba ikisha kujengwa na tangi la maji kuwekwa, ng'ombe hana nafasi, na hata mbuzi huleta ugomvi na majirani. Ndiyo sababu sungura, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mali ya watoto tu, ameingia katika hesabu za watu wazima. Lakini mnyama huyu hafanani na kuku, ambaye aweza kufunguliwa asubuhi akajitafutia. Sungura hukaa kizimbani maisha yake yote, na kizimba kikiwa kibaya, hana pa kukimbilia.

Baada ya mwaka 2010 hivi, ufugaji wa sungura ulivuma sana katika Kenya, hata Thika ikapata machinjio ya sungura. Wakati huo walitokea wafanya biashara waliouza vizimba vya waya kwa bei kubwa, pamoja na ahadi ya kuwanunua sungura wote watakaozaliwa. Wanunuzi wengine hawakurudi, na wafugaji wakabakiwa na vizimba vizuri na madeni. Kwa hiyo mtu anayeanza sasa afadhali ajitengenezee mwenyewe kizimba kimoja au viwili, kisha aongeze kadiri anavyopata soko.

Mbao si shida. Mabanzi kutoka viwanda vya kupasulia mbao yafaa kabisa kwa kuta, na nguzo za mkaratusi hutosha kwa miguu. Jambo lisilotakiwa kufanyiwa ubahili ni wavu wa sakafu. Wengi hununua wavu wa kuku, ule wenye tundu za pembe sita, kwa kuwa ni rahisi. Lakini waya wake ni mwembamba, hubonyea upesi na kukata nyayo, na sungura hupata vidonda ambavyo haviponi maadamu angali anavikalia. Unaofaa ni wavu mgumu uliopakwa zinki, wenye tundu za nusu inchi kwa inchi moja. Kinyesi hupita, mguu haupiti. Hata hivyo yafaa kuweka kipande cha ubao laini pembeni, apate mahali pa kupumzishia miguu, na ubao huo uoshwe na kuanikwa juani mara kwa mara. Asiyeweza kununua wavu huo aweza kutumia fito za mianzi zilizolainishwa, akiacha nafasi ya nusu inchi kati ya fito na fito. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisitumiwe ndani, kwa maana sungura hutafuna kila kitu.

Kipimo cha jike mmoja ni urefu wa futi 2½, upana futi 2, na kimo futi 1½. Upana usizidi sana hapo. Kizimba ambacho mkono haufiki kona ya nyuma hakisafishwi, hata mwenyewe akiwa mtu safi namna gani. Wale wanaofuga sungura wawili kwa furaha ya watoto wao, bila nia ya kuuza, wawape nafasi kubwa kuliko hiyo, wapate kuruka na kusimama kwa miguu ya nyuma.

Kizimba kiinuliwe futi 2½ au 3 kutoka ardhini, na kila mguu usimamishwe ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, ambayo hupatikana katika gereji yo yote. Hiyo ndiyo kinga ya siafu, ambao waweza kumaliza vitoto vyote kwa usiku mmoja. Paa la bati tupu ni hatari: Thika hupata joto kuliko Limuru, na sungura hatoki jasho. Joto likipita digrii 30 huanza kuhema, na jike mwenye mimba aweza kufa. Bati liezekwe nyasi juu yake, au kizimba kiwekwe chini ya mti wenye kivuli, lakini si mparachichi, kwa maana majani yake ni sumu kwa sungura. Kwa upepo wa baridi wa mwezi Julai, gunia la katani litundikwe upande unaotoka upepo; karatasi ya nailoni isizungushwe pande zote, maana hewa ya mkojo itabaki ndani na kuharibu mapafu.

Sanduku la kuzalia ndilo linalosahauliwa zaidi. Jike huchukua mimba siku 31 hivi, na sanduku liingizwe siku ya 28, likiwa na nyasi kavu. Atajing'oa manyoya na kutandika mwenyewe. Asipolipata, atazaa juu ya waya, na vitoto, ambavyo huzaliwa uchi na vipofu, vitakuwa vimekufa kwa baridi kabla ya jua kutoka. Kizingiti cha sanduku kiwe na kimo cha inchi 6, kitoto kilichong'ang'ania titi kisipate kuburutwa nje.

Dume awe na kizimba chake, na jike ndiye apelekwe kwake. Dume akiingizwa kwa jike, mara nyingi hupigwa. Majani yawekwe katika hori la ukutani, si sakafuni, kwa sababu chakula kilichogusana na kinyesi ndicho huleta kuhara kunakoua sungura wachanga.

Chini ya wavu wengine huinamisha bati, mkojo utiririke ndooni, nao huuchanganya na maji na kunyunyizia sukuma wiki.

Mlango ufungwe kwa komeo la chuma. Kamba haifai, kwa kuwa sungura ataitafuna, na mbwa wa kiwanja cha pili hungoja jambo hilo hilo.