Nusu ya Deni la Kisangani

Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya nchi mbili jirani yalipigana ndani ya Kisangani, mji wa Kongo usio wa yeyote kati yao. Waganda walikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Wanyarwanda walikuwa wameushika mji wenyewe. Walipigania daraja la Tshopo, na makombora yakawa yanapita juu ya mapaa ya watu na mara nyingi kuangukia papo hapo. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, raia zaidi ya 760 waliuawa, wengine wapatao 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa na shule 69 zilipigwa. Kanisa kuu la Wakatoliki nalo halikusalimika. Watu kama 65,000 walikimbilia msituni. Wenyeji huyaita mapigano hayo Vita vya Siku Sita. Kati ya majeshi mawili yaliyofyatua makombora hayo, nchi ya moja imehukumiwa na kuanza kulipa; nchi ya pili haijahukumiwa kwa lolote. Mtu angedhani mmoja alikutwa na hatia na mwingine akasafishwa. Sivyo. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja aliwahi kuikubali mahakama na mwenzake hakuikubali. Basi maadamu kufika mahakamani ni hiari ya mshtakiwa, haki ya watu wa Kisangani itabaki nusu.

Mji huu umezoea kugombewa na watu wa mbali. Mwaka 1887 mfanyabiashara Tippu Tip alitia saini mkataba kule Zanzibar na kufanywa gavana wa Stanley Falls, palipo na mji huu leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliushukia kutoka kwenye ndege za Marekani. Tofauti ya mwaka 2000 ni kwamba waliougombea walikuwa majirani, tena washirika. Rwanda na Uganda zilimsaidia Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Mobutu mwaka 1997, kisha zikamgeuka pamoja Agosti 1998 na kuunga mkono waasi wa RCD. Chama hicho kilipogawanyika mwaka 1999, tawi la Wamba dia Wamba likahamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda, na tawi la Goma likabaki na Rwanda. Wote walisema wamevuka mpaka kwa ajili ya usalama wao, kwa kuwa makundi yaliyowashambulia yalijificha Kongo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi mpakani. Lakini Kisangani iko mamia ya kilomita kutoka mpaka wowote wa Rwanda au Uganda. Kilichokuwapo hapa ni almasi, maduka ya wanunuzi wake yaliyojipanga mjini, na viwanja vya ndege vya Bangboka na Simisimi. Anayeshika uwanja ndiye anayejua mzigo gani umetoka na nani ametozwa ushuru. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2001 jinsi majeshi ya kigeni na washirika wao walivyokuwa wakichuma mali ya Kongo, na maelezo yake yanaifafanua vita hii ya marafiki kuliko hotuba yoyote ya usalama.

Kinshasa ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Uganda ilikuwa imekwisha kukubali mamlaka ya mahakama hiyo, kwa hiyo kesi ikasikilizwa, na Desemba 2005 Uganda ikapatikana na hatia ya ukiukaji wa sheria, ukiwemo ule uliofanywa na askari wake katika mapigano ya Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile nchini Kongo: milioni 225 kwa watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Uganda ilianza kulipa Septemba mwaka huo, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Kesi ya Rwanda iliishia mlangoni. Tarehe 3 Februari 2006 majaji walisema, kwa kura 15 dhidi ya 2, kwamba hawana mamlaka ya kuisikiliza, kwa kuwa Rwanda haikuwa imeyakubali. Hawakusema Rwanda haina kosa. Walikumbusha kwamba nchi hubaki na wajibu kwa matendo yake, iwe imeikubali mahakama au haikuikubali. Maneno hayo ni ya haki, lakini hayajajenga ukuta wa nyumba hata moja Kisangani.

Wapo wanaosema Wakongomani wajilaumu wenyewe kwanza, kwa kuwa bila RCD wageni wasingepata pa kupitia. Ni kweli, tena kweli inayouma: Mei 2002, baada ya uasi dhidi ya tawi la Goma kushindwa mjini, askari wa RCD-Goma waliwaua raia wengi, hasa katika komini ya Mangobo. Lakini kuongeza mdaiwa hakumfuti mdaiwa mwingine. Tunapenda kusema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na methali hiyo, nionavyo, imewapa tembo nafuu wasiyostahili. Nyasi hazidai. Waliokufa katika komini ya Tshopo walikuwa na majina, na waliobaki wanajua jina la kila mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni la amani. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na tarehe 27 Juni mwaka huo Kongo na Rwanda zikatia saini makubaliano Washington. Kwa nini, basi, kufukua makaburi ya zamani wakati watu wanatafuta namna ya kusimamisha vita vya leo? Jibu liko kwenye kalenda. Makubaliano ya Lusaka ya kusimamisha vita yalitiwa saini tarehe 10 Julai 1999, Rwanda na Uganda zikiwemo. Katikati ya Agosti, mwezi mmoja tu baadaye, zilipigana Kisangani kwa mara ya kwanza. Saini iliyowekwa na mtu asiyeogopa kuulizwa haina uzito. Na baada ya vita vya Juni, Baraza la Usalama, katika azimio 1304, lilisema nchi zote mbili zilipe fidia kwa maisha na mali zilizopotea Kisangani. Ni moja tu iliyolipa, nayo ni ile iliyohukumiwa.

Kuna wanaouliza pia: fedha za Uganda zenyewe zimewafaa nini wahanga? Swali hili linatuhusu sisi Wakongomani, wala tusilikwepe. Mfuko wa FRIVAO, uliowekwa Kisangani kugawa fidia, umelalamikiwa tangu ulipoanza. Mwaka 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kuhusu dola milioni 19 hivi, sehemu ya fidia hiyo, zilizotengewa ujenzi wa gereza mjini. Yeye alikana kosa. Gereza kwa fedha za waliobomolewa nyumba! Uchungu huo ni wa haki. Hata hivyo, waziri huyo alifikishwa mbele ya majaji kwa sababu sheria ya nchi haikumwuliza kama anaikubali. Kati ya mataifa, swali hilo bado huulizwa kwanza.

Mlango mdogo umefunguka Arusha.  Tarehe 26 Juni 2025, siku moja kabla ya saini za Washington, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko huko, iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Kinshasa isikubali kesi hiyo iondolewe kama bei ya mapatano, na wabunge wa mkoa wa Tshopo waidai hadharani. Lakini wasiwaahidi wahanga wa Juni 2000 kisichokuwemo: kesi hiyo inahusu matukio ya Kivu Kaskazini tangu 2021. Juu ya kombora la Rwanda lililoangukia Kisangani katika siku zile sita, hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kutoa hukumu.