Kuunganisha Rejista ya Kikundi na Taarifa ya M-Pesa

Leo tunazungumza juu ya jambo la kompyuta, lakini msigeuze ukurasa, kwa sababu ni jambo la pesa zenu.

Nilikaa katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama siku ya kutoa mikopo. Mwanachama nambari 23 alinyimwa mkopo kwa sababu rejista ilionyesha hajachanga miezi mitatu. Mama huyo akatoa simu yake, na ujumbe wa M-Pesa ulikuwa hapo, shilingi 500 mara tatu. Kumbe pesa zake ziliandikiwa nambari 14, kwa vile wawili hao wanaitwa jina moja. Hakuna aliyeiba. Mwekahazina alikuwa akisoma majina kwenye taarifa ya M-Pesa na kuyanakili kwa rejista usiku, baada ya kazi za nyumbani, na jicho likateleza.

Kikundi hicho kilikuwa na kitabu cha ndani na kitabu cha nje, na kilichoviunganisha ni mkono wa mtu aliyechoka. Kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo ya kuunganisha, mkiielekeza vizuri.

Kwanza tuelewe rejista ya ndani. Mwaka wa 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi na kampuni ya IBM huko California, alieleza njia ya kuweka rekodi katika majedwali yanayohusiana. Tuseme jedwali moja ni la wanachama: nambari, jina, simu. Jingine ni la michango: nambari ya mwanachama, tarehe, kiasi. Jina la mama limeandikwa pahali pamoja tu. Ukitaka kujua amechanga ngapi, kompyuta hufuata nambari yake kutoka jedwali hadi jedwali. Rekodi zikipangwa hivi huitwa hifadhidata. Programu kama Microsoft Access na LibreOffice Base hufanya kazi hii, na hii ya pili ni ya bure.

Sasa taarifa ya M-Pesa, ambayo ni ya nje. Kikundi chenye Paybill kinaweza kupata malipo yake kama faili ya kufungua kwa Excel. Kuna njia mbili za kuileta ndani. Ya kwanza ni kuinakili. Hiyo ni kama fotokopi: ni sahihi siku ile tu ilipotolewa, na kesho malipo mapya hayamo. Ya pili ni kuiunganisha. Hapa hifadhidata haichukui kitu. Inaweka tu njia ya kufika kwenye ile faili, halafu kila ukiuliza swali inaenda kuisoma hapo ilipo, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Ukileta faili ya mwezi mpya, iweke pahali pale pale na kwa jina lile lile, nguzo zake zikiwa kwa mpangilio ule ule. Ukibadilisha jina, dirisha linafungika na kompyuta italalamika. Usishtuke, rudisha jina.

Uzuri mwingine ni kwamba LibreOffice Base na Access hukuruhusu kusoma faili ya Excel iliyounganishwa, si kuibadilisha. Lakini mtu bado anaweza kuifungua yenyewe kwa Excel na kuichezea. Kwa hivyo katibu naye abaki na nakala ya faili ilivyotoka.

Hapo kazi ngumu ndiyo inaanza. Kompyuta itajuaje kwamba malipo haya ni ya mama huyu? Jina halifai, mmeona wenyewe. Wengi hukimbilia nambari ya simu. Hiyo nayo ina mitego. Kwa rejista mmeandika 07 na kuendelea, kwa taarifa inaweza kuwa imeanza na 254, na Excel nayo inapenda kula ile sifuri ya mbele. Kwako ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Dawa, ikiwa taarifa inaonyesha nambari nzima, ni kulinganisha tarakimu tisa za mwisho peke yake. Hata hivyo, kuna mama anayetuma kwa simu ya mwanawe leo na ya jirani kesho.

Njia nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kila mmoja aandike nambari yake ya uanachama pale Paybill inapouliza nambari ya akaunti. Yule mama angeandika 23, na mambo yangeishia hapo. Till ya Lipa na M-Pesa haina nafasi hiyo, basi mlifikirie hilo kabla ya kuchagua.

Kila malipo pia huja na kodi yake ya herufi na tarakimu, ambayo hairudiwi. Iwekeni kwa jedwali la michango na mwambie kompyuta ikatae kodi iliyokwisha kuingia. Hivyo shilingi 500 haitahesabiwa mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo hata vijana waliosomea kompyuta husahau. Ukiunganisha majedwali mawili kwa njia ya kawaida, kompyuta huonyesha tu yale yaliyopata mwenzake. Malipo ambayo hayakupata mwanachama hayaonekani kabisa, na haisemi lolote! Mtu aliyeandika 32 badala ya 23, na kikundi hakina mwanachama nambari 32, amepotea kimya kimya. Lazima uulize kwa makusudi: ni malipo gani hayana mwenyewe? Orodha hiyo isomwe kila mkutano, kodi, tarehe na kiasi, na mwenye pesa ainue mkono na simu yake.

Nambari za simu msizibandike ukutani wala kuzisoma kwa sauti. Ni siri za watu, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Miezi mitatu ya kwanza endeleeni pia na daftari la mkono. Hesabu mbili zikitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kuamini yoyote, hata ile ya kompyuta.